Kwata Ndai

Kitui, Jumamosi 18 Januari 2025

Shairi la kumi na moja tangu mwaka uanze. Nayahesabu nyuma ya daftari la mauzo, vijiti vinne na cha tano kimelazwa juu yao. Watu huja sayba, duka la kompyuta ninakochapa, na shida zinazojulikana: ushuru wa KRA, fomu za HELB, barua ya kuomba kazi, picha ya marehemu ya kubandika kwenye gari la mazishi. Halafu kuna yule anayejitenga hadi wateja wapungue, akajifanya anasoma bei ya laminesheni ukutani, kisha akasukuma simu mezani. "Dada, nichapie hii. Nakala moja tu."

Wa barua ya kazi huchapa tano. Wa shairi huchapa moja, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Wa leo ni kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka la mbegu. Beti saba juu ya mto Tiva na malori ya mchanga. Katika ubeti wa nne mama yake anachimba kisima mchangani, na kila mwaka kisima kinazidi kwenda chini, mpaka kinachoonekana kutoka ukingoni ni kitambaa chake cha kichwani tu. Niliacha kuchapa nikamtazama. Nikamuuliza amemsomea nani.

"Nimsomee nani?" Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali pasipo na njia. Nilikataa shilingi kumi yake, akaiacha juu ya kibodi.

Jumapili 2 Februari

Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri.

Sote tulipita mlango mmoja: tamasha za muziki na za drama shuleni. Wasichana ishirini na wanne, soksi zimevutwa hadi magotini, mkono juu pamoja, mkono chini pamoja. Mwaka wangu wa mwisho tulitoka kaunti ndogo tukafika kiwango cha eneo. Jaji alisema nami peke yangu karibu dakika tatu juu ya pumzi na kituo, na mpaka leo nikipokea simu ya mtu mkubwa navuta pumzi kama alivyonifundisha. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo hakuna mtu mzima aliyekaa kitako kunisikiliza kwa dakika tatu.

Nchi hii humfundisha mtoto kusimama mbele ya watu hadi kidato cha nne, kisha humwondolea jukwaa chini ya miguu. Nairobi walipata pa kuangukia. Wenye jarida la *Kwani?* walianza 2003, na usiku wao wa maikrofoni wazi ukawalea wengi. Lakini usiku wa Nairobi ukiisha, wa Nairobi anarudi kwake. Wa Kitui ana zaidi ya kilomita 150 na hakuna matatu saa hiyo.

Nimewapigia simu sita kati ya wale kumi na mmoja, nikawaomba tukutane tusomeane. Wote wamesema ndiyo kabla sijamaliza sentensi.

Jumamosi 22 Februari

Chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini. Masharti ya mwenyewe: kila mtu anunue chai, na tumalize kabla ya saa moja. Walikuja kumi na tisa. Nilitaka kulia.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimebaki na kijana wa bodaboda na dada anayekusanya vikombe.

Hawakuchukizwa na kitu. Hakukuwa na ugomvi, ingawa mpira ulikuwa kwenye televisheni ya mbele na goli moja liliingia katikati ya shairi la mapenzi. Nilichoona ni hiki: kila aliyemaliza kusoma lake alitoka. Alikunywa chai iliyobaki, akaangalia simu, akasema ana safari, akaenda. Wa kwanza alisikilizwa na watu kumi na wanane. Kijana wa bodaboda, aliyekuwa mpole na kuwapisha wenzake, alisikilizwa na mimi na vikombe.

Jumatano 12 Machi

Mwalimu amerudi sayba na makaratasi yake. Amestaafu, amefundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, na huandika tarbia kama mtu anayepanga matofali: mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho havijawahi kumtoroka. Alikuja kwenye kile kikao chetu, na leo amekuja kunieleza alichosikia.

"Mwanangu, yale ni maguni."

Maguni, yaani mashairi yaliyokosea vina na mizani. Nikamwambia vijana wenyewe wanayaita mashairi ya jukwaani. Akasema hata guni hupanda jukwaani. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Huu ni ugomvi wa zamani kuliko mimi. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, bila vina, waliojengwa juu ya *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Kaluta Amri Abedi walimwona mharibifu, na vita vile havijaisha hadi leo.

Nikamletea mtu wa nyumbani. Nikamwambia, Mwalimu, Maillu je? David Maillu wa Kilungu, mzaliwa wa 1939, alianzisha Comb Books mwenyewe mwaka 1972, akatoa *My Dear Bottle* na *After 4:30* kwa mistari mifupi isiyo na vina wala mizani. Wasomi wa chuo kikuu walimdharau, na watu wakamnunua kama mandazi ya asubuhi.

Mwalimu alinyamaza kidogo. "Maillu alinunuliwa," akasema. "Alijibiwa na nani?"

Nilidhani anakwepa. Akanieleza habari za Mombasa, tangu Muyaka bin Haji na kabla yake: shairi lilitumwa kama barua. Likija kwako na fumbo, hulali mpaka umelifumbua kwa vina vilevile. Hata kurasa za mashairi za *Taifa Leo*, alizozisoma ujana wake wote akiwa kwenye shule za vijijini, ziliendeshwa na malumbano. Mtu wa Lamu anauliza, mtu wa Voi anajibu, mtu wa Machakos anawakanya wote wawili. "Sheria za vina hazikuwekwa kwa urembo. Ziliwekwa ili jibu lijulikane ni la swali gani."

Niliandika sentensi hiyo nyuma ya risiti baada yake kuondoka. Naibandika hapa.

Jumamosi 29 Machi

Nimeharibu. Naandika nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe ni kwangu.

Kijana anayesoma chuo kikuu Kwa Vonza ndiye aliyeleta wazo la slam, nami nikalidaka. Alieleza vizuri. Chicago, mwaka 1986, fundi wa ujenzi aitwaye Marc Smith alichoka na usomaji wa mashairi uliowalaza watu, akaanzisha mashindano kwenye baa ya Green Mill. Waamuzi watano huokotwa tu kutoka kwa wasikilizaji, wakatoa alama kuanzia sifuri hadi kumi, ya juu kabisa na ya chini kabisa zikatupwa. Nikasema, angalau kwa njia hiyo hakuna atakayetoka kabla ya matokeo.

Na kweli hakuna aliyetoka. Tulikata vibao vya alama kutoka maboksi ya karatasi za fotokopi. Watu walipita arobaini. Walipiga meza, walizomea waamuzi, mwenye hoteli aliongeza viti. Mpaka saa kumi na moja na nusu nilijiona mjanja.

Ndipo akasimama dada anayeuza ndengu soko la Kalundu. Hajawahi kusimama mbele ya watu. Alisoma kutoka kwa karatasi niliyomchapia mimi, nakala moja, juu ya dada yake aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani na kurudi ndani ya sanduku. Alisoma polepole, akakosea mstari, akarudi mwanzo wa ubeti. Alipomaliza vibao vikainuliwa, maana huo ndio utaratibu tuliouweka. Saba. Sita. Sita nukta tano. Saba. Sita nukta tano.

Alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayelinganisha bei. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa: "Sita nukta tano ni ya nini? Ni ya dada yangu au ni ya shairi?"

Hakuna aliyemjibu. Kijana wa Kwa Vonza alijumlisha alama. Ishirini. Akaita anayefuata.

Ijumaa 11 Aprili

Kikundi cha WhatsApp hakijalala tangu jana. Huko Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la drama, wasichana wa Butere waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani bila kuigiza *Echoes of War*, mahakama ikiwa imeamuru waruhusiwe, na nje polisi wakarusha vitoa machozi. Vitoa machozi, kwa ajili ya mchezo wa watoto wa shule. Kwenye kikundi mmoja anataka tuweke sharti la kutogusa siasa. Kijana wa bodaboda ameandika maneno matatu: "Mchanga ni siasa?" Hajapata jibu hadi sasa.

Mwenye hoteli naye amesoma magazeti. Ametuomba, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, tutafute mahali pengine.

Alhamisi 29 Mei

Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki jana Marekani, miaka 87. Redio zote.

Mwalimu alikuja sayba bila karatasi yoyote, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alikuwa kijana chuo cha ualimu wakati wa ukumbi wa Kamiriithu. Nilijua ile hadithi kwa kifupi: *Ngaahika Ndeenda*, 1977, mchezo ukapigwa marufuku, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Alichosisitiza yeye ni jinsi ulivyojengwa. Wanakijiji wa Limuru, wakulima na vibarua wa viwandani, ndio waliosimamisha jukwaa kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee waliokuja kutazama walikuwa wakimkatiza mwandishi: mzee hasemi hivyo. Mswada ukarekebishwa palepale.

"Profesa mzima," Mwalimu akasema, "anasahihishwa Kikuyu chake na watu wa shamba. Na akakaa chini akaandika."

Nikamuuliza, na wewe dada wa ndengu ungemwambia nini siku ile?

Hakujibu mara moja. Alisema amekuwa akilifikiria.

Jumamosi 14 Juni. Wote, Makueni

Nauli imenila shilingi 1,200, kwenda na kurudi, kwa sababu nimepitia Machakos kama kawaida. Ukiitazama ramani, Kitui na Makueni ni majirani wanaotenganishwa na mto Athi tu. Ukiwa ndani ya matatu, ni nchi mbili.

Pale Wamunyu gari lilisimama kupakia magunia, nikawatazama wachongaji kivulini, twiga kumi wa ukubwa mmoja wakisubiri kupigwa msasa. Ufundi wote ule wa Ukambani, vinyago vilivyofika kila uwanja wa ndege, huanzia kwa mtu mmoja wa hapo, Mutisya Munge. Alichukuliwa vita vya kwanza vya dunia, akakutana na wachongaji wa Kizaramo huko Tanganyika, akarudi na patasi. Angeweza kubaki bingwa pekee wa kijiji. Aliketi na jamaa zake akawaonyesha, nao wakawaonyesha wao. Shairi ni gumu zaidi. Kinyago ukimfundisha jirani, jirani anauza. Shairi ukimfundisha jirani, mnakuwa wawili msio na wa kumsomea.

Pale mjini Wote kuna wasichana watano na fundi cherehani mmoja wanaoandika mashairi. Hukutana Jumamosi chini ya mwembe nyuma ya kibanda cha fundi. Niliwauliza wanachapa nakala ngapi, wakacheka, maana nao ni moja.

Niliwachezea sauti ya kijana wa bodaboda niliyoirekodi kwenye simu, ile ya mchanga wa Tiva. Mmoja wao aliomba irudiwe. Kisha akasema Makueni wana sheria ya mchanga tangu 2015, na walioipinga walikuwa na malori na mapanga, si karatasi. Baba yake anayajua hayo. Akaomba kalamu. Sikumuuliza anaandika nini, nilimnunulia soda nikakimbilia gari la saa tisa.

Jumapili 10 Agosti. Kathonzweni

Kwa Susu, nyanya yangu, siku tatu. Mahindi yalikauka mapema, ghalani kuna ndengu na mbaazi kidogo. Jioni nilimpikia muthokoi, akasema nimeuharakisha.

Susu alikuwa mpigaji wa ngoma ya kilumi kabla ya kuokoka. Hazungumzii sana. Lakini nilipomweleza kikundi chetu na vile vibao vya alama alitikisa kichwa muda mrefu. Zamani, alisema, mtu akifanya ubaya aliimbiwa mwali. Wimbo ulimfuata kisimani na sokoni mpaka aje aombe radhi. Wimbo ulikuwa na kazi na ulikuwa na mtu wake. "Huo wenu ni wa nani?"

Kisha, kama zamani nilipokuwa mdogo, taa ikiwa chini, akanigeukia ghafla:

"Kwata ndai!"

"Nakwata!"

Nilijibu kabla ya kufikiri. Mdomo ulikumbuka peke yake, miaka ishirini na mitano baadaye. Akanitegea cha kwanza nikashindwa, cha pili nikaweza, cha tatu tukabishana. Akasema jambo lililoninyima usingizi: usiposema *nakwata*, yeye hana ruhusa ya kutega. Kitendawili hakianzi kwa anayejua. Huanzia kwa anayekubali kukishika. Kwa Kiswahili ni vilevile, nimelisema maisha yangu yote bila kulisikia: kitendawili, *tega*. Mwitikio kwanza, kisha neno.

Asubuhi tuliwakuta akina mama kumi na wawili kwenye shamba la jirani. Mwethya. Wanachimba matuta ya fanya juu kabla ya mvua za Oktoba, mtaro chini, udongo unatupwa upande wa juu. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nilichukua jembe saa moja, mikono ikatoka malengelenge. Nilichoangalia ni hiki: hakuna aliyemaliza mstari wake akaenda. Zamu yake bado inakuja. Akiondoka leo, kesho atachimba peke yake.

Sisi tulijenga jukwaa. Hatukujenga zamu.

Jumamosi 6 Septemba. Kitui

Tumekubaliana, watu kumi na wanne, wenzetu wa mji wa Wote wakisikiliza kwa simu. Hoteli basi. Tutakwenda nyumbani kwa kila mmoja kwa zamu, kwanza kazi ya pale nyumbani, kisha mashairi. Alama hakuna. Kila shairi litashikwa na mtu mmoja, kwa hiari yake, atakayeleta jibu kikao kinachofuata, kwa vina au bila vina, kwa Kiswahili, Kikamba au Sheng. Asiye na jibu la mwenzake hasomi lake. Hili la mwisho lilipingwa sana. Mwalimu ndiye aliyelitetea, na hakutaja guni hata mara moja.

Tulipeleka majina kusajiliwa, maana sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, nasi tunatosha. Yule bwana mezani aliuliza tunafuga nini, kuku au nyuki. Nikasema mashairi. Akaniangalia, akaandika "mengineyo". Jina la kikundi tumeliacha wazi, tumeshindwa kukubaliana. Kwenye daftari langu nimeandika mwethya.

Jumamosi 4 Oktoba

Kwa dada wa ndengu, nje kidogo ya mji. Nilikwenda mwenyewe kumwomba, mara tatu. Mara ya tatu alisema tukija na majembe hatatufukuza.

Tulikuwa kumi na sita. Tulimaliza matuta mawili na nusu kufikia saa saba. Kijana wa Kwa Vonza hajui kushika jembe na alichekwa vya kutosha. Chai, viazi vitamu, kisha tukaketi kwenye udongo tulioutupa wenyewe.

Msichana wa Wote alikuja, amelala kwangu jana. Aliitika shairi la mchanga. Hakumfariji yule kijana. Alimwambia, kwa mistari mifupi, kwamba mama yake hakupotelea kisimani, yuko juu ya ukingo na wanawake wengine wanabeba mawe, wanajenga bwawa la mchanga kuziba mto, na mchanga utakaokamatwa utaficha maji mahali ambapo jua na lori havifiki. Kijana wa bodaboda alisikiliza ameinamisha kichwa. Ukimya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ubeti wa tatu si kweli. Lori linafika." Wakaanza kubishana juu ya Tiva na juu ya sheria za kaunti mbili, watu wote wakaingia, na nilikuwa wa mwisho kugundua kwamba hakuna aliyetazama simu.

Mwalimu alisimama baadaye. Alikuwa ameshika shairi la sita nukta tano tangu Machi, hakumwambia mtu. Alilijibu kwa tarbia, beti tatu za kwanza zimenyooka kama kawaida yake. Ubeti wa nne ulikuwa wa mtoto wake mwenyewe, ambaye sote hatukujua alikuwa naye. Kwenye mshororo wa tatu mizani ilizidi, nikasikia mwenyewe, kumi badala ya nane, na kina hakikuja. Aliuacha hivyo. Hakuurudia.

Dada wa ndengu alikuwa anapanga vikombe. Alimshukuru, "Muvea, Mwalimu." Akaendelea kupanga.

Jumatatu 6 Oktoba

Amekuja sayba saa mbili asubuhi, kabla ya kufungua meza yake Kalundu. Ameandika mistari kumi usiku, nyuma ya karatasi ya unga. Nikachapa. Nikauliza kwa mazoea, nakala moja?

Akafikiri. "Mbili. Moja ni ya Mwalimu."